Siku Tatu za Kujisifu

"Mwanangu, hiyo Biblia ya lugha gani?"

Basi la mwendokasi lilikuwa limeshajaa tangu Kimara. Mimi nimebanwa kwenye nguzo, mkono mmoja juu, wa pili umeinua kitabu kupita kichwa cha mwanafunzi aliyesimama mbele yangu. Mama aliyeniuliza alikuwa amepata kiti. Mapajani alikuwa na begi la shangazi kaja, tupu, limekunjwa, la kwenda kubebea mzigo Kariakoo.

Nikamwamkia. Nikamwambia si Biblia, ni hadithi tu.

"Yote hiyo hadithi?"

"Na hiki ni cha kwanza, mama. Cha pili kinene zaidi."

Alicheka, akawatazama abiria wenzake kama anayetafuta mashahidi, kisha akataka kujua inahusu nini. Nami, kwa ujinga wa mtu aliyenogewa, nikaanza kumweleza. Nilianzia Ubungo, nikamalizia Magomeni. Kuna mtu, nikasema, dunia nzima inamjua. Mpiga kinanda cha nyuzi, mpiga upanga, msomi wa mambo ya siri. Kila mji una hadithi zake na hazifanani. Sasa amejificha kijijini, amebadili jina, amefungua gesti yenye baa chini. Siku moja anaingia karani anayezunguka kukusanya habari za watu mashuhuri. Anamtambua, anamwomba amsimulie maisha yake. Yule mtu anakubali, ila anasema itachukua siku tatu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata rafiki zangu hawajawahi kunifanyia.

"Kwa hiyo," akasema, "amekaa kwenye gesti yake anajisifu siku tatu nzima."

Akashuka Fire.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Neno lake limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

## Bei ya unene

Kitabu chenyewe ni The Name of the Wind cha Mmarekani Patrick Rothfuss, kilichotoka mwaka 2007. Mimi nakiita Jina la Upepo. Shujaa wake anaitwa Kvothe, na namna ninavyolitamka jina hilo kichwani ni siri yangu. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba anayepanga bidhaa yake chini, kando ya ukuta, maeneo ya Posta. Kurasa zaidi ya 650. Muuzaji alikipima kwa mkono kwanza, juu chini, kama nyama, ndipo akataja bei.

Ukionekana mtu mzima na kitabu kinene, watu wanakuuliza unasomea nini na mtihani lini. Hata hivyo sitaki kuuimba ule wimbo kwamba sisi hatuwezi vitu virefu. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una maelfu ya beti, majini na mapanga tele, na walikuwepo watu waliokaa wakausikiliza. Urefu haukunisumbua hata kidogo. Siku nne nilikula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kitabu.

Kilichonisumbua ni kwamba mama alikuwa sahihi.

Nimelelewa Tanga, na watu wanaoamini kwamba kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Mtu akisema "mimi bwana" mara ya pili barazani, wazee wanaanza kutafuta viatu vyao. Majigambo tunayo, sikatai. Wahaya wana vivugo, mtu anasimama mbele ya mkubwa na kutaja aliyoyafanya. Lakini majigambo yana saa yake na mahali pake, na wanaosikiliza wanakujua. Ukizidisha, utachekwa.

Kvothe hana wa kumcheka. Anaongea gestini na watu wawili: karani anayeandika, na Bast, mwanafunzi wake anayemwabudu. Na hakuna kinachomshinda. Ana miaka 15, amelala mitaani miaka mitatu, anaingia chuo kikubwa kuliko vyote akiwa na nguo za kuungaunga, na walimu wanabaki wanatazamana.

Ningemsikia mtu huyu kijiweni ningehama benchi.

Sasa ilikuwaje nikamsikiliza kurasa zote zile, nikatafuta na cha pili?

## Asiyetoka Damu

Nilirudi mwanzo, safari hii na penseli mkononi na kinyongo kidogo moyoni. Nilitaka kumkamata.

Kuna mahali Kvothe anahukumiwa viboko. Ni siku zake za kwanza chuoni, amemwaibisha mwalimu mbele ya darasa. Anavua shati kwa sababu hana shati la kuchezea, anasimama, anachapwa mbele ya watu, na damu haitoki. Watu wanapigwa na butwaa. Kuanzia hapo anaitwa Asiyetoka Damu, na jina linamtangulia kila aendako.

Na yeye mwenyewe anatuambia nini? Kwamba kabla ya kwenda alikunywa dawa ya mzizi fulani wa kuua maumivu, na mzizi huo hubana mishipa. Basi. Mgongo wake ulipasuka kama wa mtu mwingine yeyote na ukashonwa kwa sindano.

Mtu anayejisifu angeunyamazia mzizi.

Nilipouona huo nikaanza kuona mingine. Mtindo wake ndio huo: anataja jina kubwa ambalo umma ulimpa, kisha anakufumulia hirizi uone kilichoshonwa ndani. Karatasi, uzi mweusi, mavumbi.

Halafu pesa. Sijasoma kitabu kingine cha mashujaa kinachohesabu chenji namna hii. Kila muhula walimu wanamhoji na kumpangia ada palepale. Mara ya kwanza wanamshangaa hadi chuo ndicho kinachomlipa yeye, talanta 3 za fedha. Baadaye mshangao unaisha, ada inapanda, naye anaanza kupiga hesabu za viatu, chakula na nyuzi za kinanda. Mwishowe anapanda ngazi zinazonuka mafuta, nyuma ya bucha, kwa mwanamke aitwaye Devi. Devi anakopesha kwa riba ya kutisha, na rehani yake ni matone ya damu yako.

Hapo nilicheka peke yangu hadi jirani yangu kwenye kiti akasogea. Mikopo ya namna hiyo sisi tumeshaipa jina: kausha damu. Rothfuss hakujua kwamba anaandika habari za mtaani kwetu.

Aliyewahi kusubiri bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu chuoni, chumba kizima mnachangia mkate mmoja, atamwelewa Kvothe haraka kuliko mpenda mapanga. Mimi mwaka wa pili niliuza simu yangu ili nimalizie ada, nikawaambia wenzangu nimekabwa. Kukabwa kulikuwa na heshima zaidi. Mwaka jana, kwenye harusi, nilimsikia mmoja wao akisimulia tukio hilo mezani, na mimi nipo. Sasa walikuwa vijana wanne, na pikipiki. Inasemekana nilimvunja mmoja pua.

Sikumsahihisha.

## Meli

Kitabu cha pili kilitoka 2011, kina karibu kurasa 1,000. Humo Kvothe anasafiri kwa meli. Kuna dhoruba, kuna maharamia, kuna usaliti, na meli inazama.

Anayapita yote hayo kwa aya fupi.

Kabla ya hapo kulikuwa na kesi, ile ambayo watu wengi wamewahi kuisikia. Nayo anairuka. Karani anapinga, anaona kwamba sehemu kama hiyo haiwezi kuachwa, lakini mwenye gesti hatikisiki. Anaendelea na mambo mengine, na muda si mrefu tumerudi kwenye hesabu za mfukoni.

Mara ya kwanza nilikasirika. Nilidhani mwandishi amechoka, au mhariri amemkata mkono. Mara ya pili niliandika pembeni kwa penseli: *mama, umeona?*

Maana nawajua watu wanaojisifu. Ninaye mmoja kwenye familia. Ukimpa meli iliyozama, anaizamisha mpaka saa sita usiku.

Ila nisiwe wakili wa uongo. Kitabu hichohicho kina sehemu ndefu ya Felurian, kizimwi mrembo anayewapoteza wanaume msituni, na hapo Kvothe anajisifu hasa, tena anachosha. Niliruka kurasa. Nilirudi nikazisoma kwa ajili ya makala hii, nikajuta. Na Denna, msichana anayempenda, kila akitokea sentensi zinavaa nguo za sikukuu na mimi nashindwa kumwona mtu mwenyewe. Bahati nzuri Bast aliwahi kumwona. Katikati ya sifa zote hizo anaingilia na kusema pua yake ilikuwa imepinda kidogo.

Kwa pua hiyo namsamehe mwandishi mengi.

## Uzi

Sehemu niliyoisoma mara nyingi zaidi haina upanga.

Kvothe anakwenda kupiga kinanda kwenye ukumbi mashuhuri, mahali unapolipa talanta yako ya fedha ili upewe nafasi ya kujaribu. Kinanda chake kina nyuzi saba, na tangu mwanzo mimi nimemwona na udi, ule wa taarabu, tumbo la mviringo na shingo iliyokunjwa nyuma. Sijajitungia: hata hilo jina la Kizungu la kinanda chake, lute, asili yake ni al-ud ya Kiarabu. Kwa hiyo nilipousoma ukumbi ule niliwaona na akina mama wakisubiri kwenda kutunza.

Anachagua wimbo mgumu kuliko wote. Wimbo huo unahitaji sauti ya mwanamke ya kuitikia, naye hajapanga na mtu. Anapanda tu, akitumaini kwamba kati ya watu wale wote yupo anayeujua na atakayethubutu. Sauti inatokea gizani. Ukumbi unatulia.

Na uzi unakatika.

Anaendelea na nyuzi sita. Anamaliza. Watu wanalia, wanashangilia, anapata alichokifuata.

Wasichokijua watu wa ukumbini ni kwamba, akiwa mtoto, baada ya wazazi wake na kundi lao zima la wasanii kuuawa, alikaa porini peke yake na kinanda cha baba yake. Nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine na hakukuwa na duka. Akajifunza kupiga bila huo uliokatika. Kisha bila wa pili.

Wao walishangilia ufundi. Sisi tuliokuwa naye porini tulijua tunasikiliza msiba.

Nilisoma hapo siku moja jioni narudi, nikapitiliza kituo changu. Sikuwa na hasira hata ya nauli.

## Fimbo ya chuma

Hapa nitamwaga mtama kidogo. Asiyetaka aruke.

Usiku wa siku ya kwanza, masimulizi yameshasimama, anaingia gestini mtu aliyepagawa. Si wazimu, ni kitu kingine kimemvaa. Anaua mwanakijiji mmoja. Kvothe, ambaye tangu asubuhi ametusimulia namna alivyokuwa akiita moto na kufunga vitu kwa nguvu ya akili, anajaribu lile alilotuambia alilijua tangu utotoni.

Hakuna kinachotokea.

Kijana wa mhunzi ndiye anayemaliza kazi, kwa fimbo ya chuma.

Baadaye, wengine wamelala, Bast anaingia chumbani kwa karani. Tunajua hapo kwamba karani hakufika kwa bahati; Bast ndiye aliyesambaza fununu ili aje. Anachokihofia ni hiki: bwana wake alivaa kinyago cha mwenye gesti ili ajifiche, na sasa kinyago kinaota ngozi. Anataka karani amfanye bwana wake akumbuke yeye ni nani. Tena anamtaka kwa vitisho, si kwa ombi.

Nilifunga kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya basi, sikumfikiria mama wa Kariakoo.

Nilimfikiria Liyongo.

## Kisimani

Utenzi wa Liyongo, shujaa wa pwani, mnaujua. Mkate uliofichwa tupa ya kukatia pingu, ngoma ya gungu, sindano ya shaba. Ule alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu, 1913, ndio wengi tuliopitishwa shuleni, na tulipitishwa kama tunavyopitishwa kila kitu: taja sifa tatu za shujaa. Nguvu, ujasiri, na ya tatu unanakili kwa jirani.

Hakuna mwalimu aliyewahi kutusimamisha kwenye yanayofuata baada ya sindano.

Amechomwa kitovuni na mtoto wake wa kumzaa. Anachukua upinde, anatoka nje ya mji hadi kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, anavuta. Anakufa hivyohivyo. Watu wanakuja kuteka maji, wanamwona kwa mbali, wanageuka mbio. Mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa mtu ambaye hayupo. Mwisho wanamwendea mama yake, wanamsihi amtulize mwanawe. Naye anakwenda, anasimama mbali, anambembeleza. Siku zinapita anambembeleza maiti, hajui, mpaka mwili unaanguka wenyewe.

Mwenye gesti ni yule pale kisimani.

Goti limepigwa, mshale umepachikwa, na huwezi kujua kama nyuma ya upinde kuna mtu. Kijijini wanamnunulia pombe na kumwita kwa jina la uongo, na mbali huko nchi bado zinaogopa lile la kweli. Bast ndiye mama Liyongo, ila yeye hakuleta maneno matamu, ameleta karani na wino. Na siku tatu za kusimulia... nimeshindwa kupata neno, mama. Kujisifu kupo. Lakini nadhani ni kujisifu kwa mtu anayejiita jina lake mwenyewe kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, aone kama kuna atakayeitika.

Tofauti ni kwamba mwisho wa Liyongo tunaujua. Mwili ulianguka. Wa huyu, baada ya siku mbili za masimulizi na zaidi ya kurasa 1,600, hatujui kama atasimama au ataanguka.

## Ndoo

Kitabu cha tatu, cha siku ya tatu, hakijatoka mpaka ninavyoandika hapa. Tangu 2011. Vimetoka vidogo viwili vya pembeni, 2014 na 2023, na mwaka mmoja baada ya mwingine unapita. Mwenzangu mmoja kazini amekataa katakata kukisoma cha kwanza. "Siwezi kurithi deni la mtu," anasema. Namwelewa. Wengine wanamtukana mwandishi kila akionekana mtandaoni. Mimi sijaona tusi lililowahi kuandika sura moja.

Kwangu ajabu ni kwamba sijutii. Niliwahi kudhani hadithi isiyoisha ni kama chakula kisichoiva. Sasa sijui. Nikikisoma najikuta natembea taratibu zaidi, kama mtu aliyebeba ndoo na hana uhakika kama kuna haja ya kukimbia.

Juzi umeme ulikatika mtaani. Mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, amekuja likizo, na bila televisheni alikuwa hatari kwa nyumba nzima. Nikamsimulia Liyongo. Nilimpa vyote, mkate, tupa, ngoma. Nilipofika kisimani nilipunguza sauti. Nilimweleza kuhusu goti, upinde, watu wanaokuja na mitungi na kurudi mbio, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Nilijiona fundi. Nilisubiri aniulize kama alikuwa hai.

"Mjomba," akasema, "sasa hizo siku zote walikuwa wanakunywa nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia alale.

Hakulala. Nilimsikia gizani, muda mrefu baadaye, akimuuliza mama yake swali lilelile.